Kwa Nini Bi Mkubwa Anaiamini Kadi ya Basi na Kuikimbia Simu ya Benki

Hapa London baridi imeanza kuuma, na sisi wazee tumekwisha rudi kwenye makoti yetu.

Mwezi uliopita Bi Mkubwa mmoja, jirani yangu hapa mashariki ya jiji, alinijia na bahasha ya kaki. Ana umri wa miaka 81, mzaliwa wa Mji Mkongwe, na ndugu zake wengi wako Maskati. Alikaa, akanywa chai, tukapeana khabari za huko na huku, kisha akaisukuma ile bahasha juu ya meza.

"Bwana Karani," aliniambia, maana hilo ndilo jina langu kwa wenzangu hata baada ya kustaafu, "nitunzie hii. Humu mna namba zangu zote za siri. Mjukuu anazo, lakini naye ana mambo yake. Sitaki kila nikitaka kujua nina pesa ngapi nimbembeleze mtoto."

Tawi la benki yake lilikuwa limefungwa. Aliletewa barua kwamba tangu sasa shughuli zake azifanye kwa simu. Mjukuu akaja Jumapili, akamwekea ile programu, akamchagulia namba ya siri, akamwonyesha mbio mbio, akaenda zake. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa hajaigusa.

Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi. Nilisomeshwa skuli ya misheni, na padri aliyetufundisha hesabu alituambia kwamba karani hupimwa kwa mambo mawili: daftari lake na funguo zake. Nimeshika funguo za sefu za watu, na sikuona uzito. Bahasha ile ilinielemea. Mtu anayekupa namba yake ya siri amekupa mlango wa nyumba yake.

Na huyu Bi Mkubwa si mtu wa kuogopa vyombo vipya. Kila Jumanne hupanda basi kwenda soko la Whitechapel, akagusisha kadi yake na kutafuta kiti. Kila usiku humtumia dada yake maneno ya sauti kwa WhatsApp, wakacheka wakaaga. Kwa nini basi mtu yuleyule aipokee kadi, aipokee na WhatsApp, kisha aikimbie benki? Hilo ndilo nililotaka tulitazame leo, kwani najua wengi wenu mna mama, shangazi au babu mwenye bahasha kama ile.

Mkulima wa Iowa

Alikuwako mtaalamu wa Kimarekani, Everett Rogers, aliyezaliwa mwaka 1931 katika nyumba ya wakulima jimbo la Iowa. Baba yake alizipenda mashine za shamba, lakini mbegu mpya za mahindi chotara alizikataa kwa miaka. Ukaja ukame wa mwaka 1936. Mahindi chotara ya jirani yakasimama, ya kwake yakanyauka. Mtoto alikua na swali hilo kichwani: kwa nini mtu mwenye akili zake hukawia kupokea kitu ambacho faida yake iko wazi?

Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea, nacho kinasomwa mpaka leo. Alisema watu hukipima kitu kipya kwa mambo matano. Je, kina faida kuliko cha zamani? Je, kinaoana na desturi na maisha yangu? Je, ni kigumu kukielewa na kukitumia? Je, naweza kukijaribu kidogo kabla sijajifunga nacho? Na je, naona kwa macho yangu kikiwafaa wengine? Katika matano hayo, manne yakiwa mengi kitu huenea upesi. La tatu tu, ugumu, ndilo linalokwenda kinyume: likizidi, kitu hukawia.

Angalieni, ugumu anaousema si wa mashine ndani yake. Hakuna hata mmoja wetu ajuaye kilichomo ndani ya simu. Ugumu wenyewe ni ule anaouona mtumiaji akiwa amekishika mkononi, na miwani imesahauliwa jikoni.

Mwaka 1989 Mmarekani mwingine, Fred Davis, aliyapunguza maswali hayo mpaka mawili: kitanifaa? kitanisumbua? Akaona kwamba swali la kwanza lina nguvu kuliko la pili. Mtu akikihitaji kitu sana, atauvumilia usumbufu. Kwa hiyo wepesi peke yake hautoshi, kwani kitu chepesi kisicho na faida hakuna atakayekitaka. Lakini faida nayo lazima ipite kwenye mlango wa ugumu ndipo imfikie mtu.

Namba nne za Enfield

Mfano mzuri uko hapahapa London, upande wa kaskazini. Tarehe 27 Juni 1967, tawi la benki ya Barclays la Enfield lilifungua mashine ya kutoa pesa ukutani, inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani. Mteja alitia hundi maalum ya karatasi, akabonyeza namba ya siri, akapata pauni 10. Aliyeibuni ni John Shepherd-Barron.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, alitaka kwanza namba ya siri iwe ya tarakimu sita, kwa sababu yeye aliikumbuka namba yake ya jeshini. Alimjaribu mkewe, Caroline, nyumbani, naye akasema yeye hukumbuka tarakimu nne tu. Basi zikawa nne, na katika nchi nyingi kadi za benki ni nne mpaka leo.

Tarakimu sita ni salama zaidi kuliko nne, hesabu ndivyo isemavyo: nne hutoa namba 10,000 tofauti, sita hutoa milioni moja. Lakini namba sita ambayo mwenyewe haikumbuki ataiandika kwenye karatasi, na karatasi ataitia kwenye mkoba pamoja na kadi. Usalama wote umekwenda. Yule bwana alimsikiliza mtu wa kawaida kabla ya kuijenga mashine yake, na hilo ndilo analostahili kusifiwa.

Kidude cha manjano na kazi iliyofichwa

Nilipofika London, kupanda basi kulikuwa kuhesabu sarafu, kutaja unakokwenda na kupewa tikiti. Mwaka 2003 ikaja kadi ya Oyster. Kufika Desemba 2012 mabasi yakawa yanapokea hata kadi ya kawaida ya benki, na Septemba 2014 treni za chini ya ardhi nazo zikafuata. Tarehe 6 Julai 2014 mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu kabisa. Wakati huo karibu nauli moja tu katika mia ilikuwa ikilipwa kwa sarafu. Watu walikuwa wamekwisha hama wenyewe.

Msidhani nauli za London ni jambo jepesi. Kuna kanda za 1 hadi 9. Kuna saa za msongamano na saa za wepesi. Kuna kiwango cha mwisho cha siku, na cha wiki kinachoanza Jumatatu. Tangu 2016 kuna nauli ya basi inayokuruhusu kupanda basi jingine ndani ya saa moja bila kulipa tena. Ningepewa kazi ya kuzipiga hesabu hizo kwa mkono kwa abiria mmoja, ningehitaji asubuhi nzima. Abiria hajui hata moja. Anagusisha kadi kwenye kile kidude cha manjano, kinalia, anapita. Sisi wazee tuna kadi yetu ya bure, Freedom Pass, mpango ulioanza mwaka 1973, nayo tunaigusisha palepale.

Ugumu haukuondoka. Ulihamishwa. Ulitolewa mkononi mwa abiria, ukapelekwa kwenye kompyuta za ofisini, wakapewa watu wanaolipwa mshahara kuushughulikia. Na pale ulipobaki kidogo mkononi mwa abiria, ndipo watu wanapokosea. Kwenye basi unagusisha mara moja, lakini kwenye treni unagusisha ukiingia na ukitoka. Anayesahau kugusisha akitoka hukatwa nauli kubwa. Sharti moja hilo tu la ziada, na kila siku wapo wanaolisahau.

WhatsApp nayo ni hivyohivyo. Haikumtaka Bi Mkubwa abuni jina wala neno la siri la kukariri. Namba yake ya simu ndiyo jina lake. Na tangu mwaka 2013, zilipoingizwa salamu za sauti, hata kuandika si lazima. Bonyeza, sema, achia.

Thika, 2005

Nyumbani Afrika Mashariki tuna mfano mkubwa kuliko yote, nao ni M-Pesa. Wengi wanajua ilianza Kenya Machi 2007. Wachache wanajua kwamba haikukusudiwa iwe kama tunavyoijua.

Kampuni ya Vodafone, kwa kusaidiwa na fungu la serikali ya Uingereza, ilitaka kuwarahisishia watu wadogo kulipa mikopo yao. Waliojishughulisha nayo ni Nick Hughes na Susie Lonie. Oktoba 2005 walianza majaribio, Nairobi na Thika, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa wateja wasiofika 500. Mkopo uliingia kwenye simu, na marejesho ya kila wiki yakatoka kwenye simu. Kwa karatasi, mpango ulikuwa safi.

Kwa vitendo ilikuwa kazi. Wateja walikuwa katika vikundi, na hesabu za kikundi ilibidi zilingane na hesabu za simu na za taasisi. Watu walihitaji kufundishwa sana. Lakini waendeshaji waliona jambo ambalo hawakulitazamia: watu walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao kwa shughuli zisizohusiana na mkopo. Mtu alikuwa akimtumia mwenziwe, au akiweka pesa zake kwenye simu kabla ya safari ili asiibiwe njiani.

Ndipo wakafanya lile ambalo wenye vyombo wengi hawawezi kulifanya: walipunguza. Habari za mkopo wakaziweka kando, wakaingia sokoni na neno moja tu, tuma pesa nyumbani. Simu yoyote ya bei ndogo ilifaa, bila intaneti. Chagua kutuma, tia namba ya mtu, tia kiasi, tia namba ya siri, na ujumbe unawafikia nyote wawili. Asiyejua alikwenda kwa mwenye duka mtaani, mtu anayemjua, akaonyeshwa. Katika mwaka wa kwanza wateja walipindukia milioni moja.

Yarudieni yale matano ya Rogers. Faida ilikuwako, kwani zamani pesa zilipelekwa kwa dereva wa basi na kwa dua. Ilioana na desturi, maana kijana wa mjini kumtumia mama shamba hakuanzia kwenye simu. Ilijaribika kwa shilingi mia. Ilionekana, kwa sababu jirani alipokea mbele ya macho yako. Lakini yote manne yalikuwako tangu majaribio ya mwanzo. Kilichobadilika ni lile lililobaki, ugumu.

Ofisini hakuna kukataa

Mtu anaweza kuniuliza: mbona vitu vigumu navyo hupokelewa? Kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ofisi niliyofanyia kazi ilizitoa taipureta ikaleta kompyuta. Programu ya kuandikia haikuwa na picha wala mishale. Kila kazi ilikuwa na kitufe chake, na juu ya vitufe tuliwekewa ukanda wa karatasi wenye rangi ili tukumbuke kipi cha kufuta, kipi cha kuchapisha. Siku ya kwanza nilipoteza barua ya kurasa tatu na nikatamani kwenda nyumbani.

Nilijifunza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mshahara. Ya pili ni bibi mmoja kijana aliyewekwa akae nasi wiki mbili, kazi yake kujibu maswali tu. Hakutunyang'anya kiti hata siku moja. Alisimama nyuma yetu, akangoja tukosee, akatuambia turudie.

Leo mengi yanatujia kama yalivyokuja ofisini, bila hiari, ila yule bibi hayumo. Wageni wenye ruhusa ya kuishi Uingereza walikuwa na kadi mkononi. Kadi nyingi ziliwekewa mwisho tarehe 31 Desemba 2024, na mahali pake ikaja eVisa, hati isiyoshikika, ya kwenye akaunti ya intaneti. Hapo mtu hawezi kusema sitaki. Na benki ni hivyohivyo: shirika la walaji la Which? limehesabu zaidi ya matawi 6,000 yaliyofungwa Uingereza tangu 2015.

Kitu kikiwa kigumu na hiari iko, watu hukikataa, na mwenye kitu anapata khasara akajirekebisha. Kikiwa kigumu na hiari haiko, hakikataliwi. Mtu humpa mwengine amfanyie. Kwenye takwimu za benki, Bi Mkubwa wangu ni mteja wa simu, amepokea teknolojia mpya, ahsante sana. Kwa kweli aliyepokea ni mjukuu.

Milango ya benki

Kikarani, nilikaa na karatasi nikaziandika hatua anazotakiwa kupita mtu kama yeye siku ya kwanza. Simu isiwe ya zamani sana. Neno la siri la duka la programu. Namba ya akaunti na namba ya tawi. Ujumbe wenye tarakimu sita, unaokufa baada ya dakika chache, na wakati unautafuta ile programu inajifunga. Picha ya uso. Namba mpya ya siri. Maswali ya ruhusa hii na ruhusa ile. Kila hatua peke yake ni ndogo, lakini akikosea moja hurudishwa mwanzo, na wala haambiwi amekosea wapi.

Sitaki kuwaonea. Milango hiyo imewekwa kwa sababu ya wezi, nao ni wengi. Tangu Oktoba 2024 kanuni zinazitaka benki za hapa kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa kwa mwizi, hadi pauni 85,000, kwa masharti yake. Basi benki nayo ina haki ya kuuliza mara mbili. Tatizo ni lile la tarakimu sita za Enfield: mlango ukiwa mgumu kumshinda mwenye nyumba, ataacha ufunguo kwa jirani. Bahasha ya kaki ilizaliwa na usalama wenyewe.

Pauni moja

Nilimrudishia Bi Mkubwa bahasha yake bila kuifungua. Kisha tukafanya kazi.

Kwanza alibadilisha namba ya siri yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimeugeukia ukuta. Karatasi ya zamani akaichana vipande. Pili, tulikubaliana ajifunze jambo moja tu kwa wiki nzima: kufungua na kutazama pesa zilizobaki, basi. Wiki ya pili alinitumia pauni moja, nami nikamrudishia. Siku hiyo alikosea mara mbili, akataka kuitupa simu kwenye sinki. Nilijizuia mkono wangu usiende, na nakuambieni, hilo ndilo gumu kuliko yote. Kidole cha anayejua huwasha.

Mjukuu naye nilizungumza naye. Kijana mzuri, hakuwa na nia mbaya. Nilimwambia, "Mwanangu, ukimfanyia bibi yako kwa dakika moja, utamfanyia maisha. Ukikaa naye saa moja bila kuigusa simu, umemaliza." Nikamwambia pia kwamba kama siku moja bibi hataweza kabisa, iko njia ya halali: benki nyingi zina fomu ya kumruhusu mtu wa tatu, na kwa Uingereza na Wales upo uwakala wa kudumu unaosajiliwa serikalini, unaoandikwa wakati mtu bado ana akili zake timamu. Hizo si sawa na kunong'onezana namba.

Kutuma pesa nyingi bado hataki, na simlazimishi. Pesa taslimu anachukua Posta. Lakini kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana simu yangu hulia: pauni moja imeingia. Nami namrudishia. Ijumaa iliyopita ilifika bila ya yeye kunipigia kwanza kuniuliza abonyeze wapi.

Nyinyi vijana mlioko Maskati na Dubai mnaotengeneza programu hizi, mtafutieni chombo chenu Bi Mkubwa kama huyu mkakae naye kabla hamjakipeleka sokoni.